Majani ya Majini na Samaki Wakati wa Jua Kali

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulitazama kila siku bila kuliona, nalo ni majani yanayoota majini, na jinsi samaki wanavyoishi ndani yake wakati jua linapokuwa kali.

Katika nchi hii ya kati mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha huja miezi mingi mikavu. Septemba ikifika, mito mingi huwa mchanga mtupu, na maji ya malambo hushuka kila juma. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kuu. Wakati huo utawasikia watu wakisema, "Lambo halina samaki tena, wamekwisha, au wamehama." Sisi nasi tulisema hivyo hivyo zamani, mpaka tulipofundishwa na mzee mmoja.

Tuliwachukua wanafunzi wanane tukaenda nao kwenye lambo moja katika wilaya yetu, kila mmoja na ufito wake, mshipi na ndoana. Vijana wakajipanga mahali peupe, maana hapo ndoana hainaswi na kitu. Toka asubuhi hata jua lilipopanda, wote pamoja walipata perege mmoja, naye mdogo. Lakini upande wa pili aliketi mzee kando ya matete, peke yake, kimya, na kikapuni mwake tulihesabu perege tisa. Tukamwendea tukamwuliza, "Shikamoo babu. Una dawa gani?" Akajibu, "Marahaba, Mwalimu. Dawa yangu ni kuyatazama majani. Ninyi mnavua maji, mimi navua nyumba." Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Basi na tueleze maana ya maneno ya mzee yule.

Kwanza yafaa tujue jua linavyoyafanya maji. Samaki hupumua kama sisi, ila yeye hupumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, hasa ile iitwayo oksijeni. Sasa maji yakipata joto hushika hewa kidogo. Chukua lita 1,000 za maji, yaani mapipa matano ya lita 200. Maji hayo yakiwa na joto la nyuzi 20, mahali palipo sawa na bahari, yaweza kushika gramu 9 hivi za oksijeni. Yakipashwa moto hata nyuzi 30, hayawezi kushika zaidi ya gramu 7 na nusu hivi. Na katika nchi iliyoinuka kama Kondoa, kiasi hicho hupungua tena, kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi. Tena joto humfanya samaki ahitaji hewa nyingi zaidi, si chache. Basi wakati wa jua kali samaki yu katika dhiki mbili: haja yake imeongezeka, na hazina yake imepungua.

Hapa ndipo majani yanapokuja kumsaidia. Majani yaliyozama ndani ya maji, mchana jua linapoyaangaza, hutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni. Ukiyatazama kwa makini utaona vipovu vidogo vikishika kwenye majani kama shanga. Matete, mafunjo na mayungiyungi huleta kivuli, na maji ya kivulini hayapati moto upesi. Juu ya mashina yake hukaa wadudu wadogo, konokono na utelezi wa kijani, vyote chakula cha samaki. Na ndani ya msitu huo wa majini samaki wachanga hujificha, ili ndege na samaki wakubwa wasiwaone. Kwa hiyo kwa samaki majani ni kivuli, ni ghala na ni boma.

Lakini tusiseme nusu ya habari. Usiku, jua likiisha kuzama, majani hayatoi oksijeni tena, bali nayo huivuta kama viumbe wengine. Usiku kucha majani, samaki na tope lioza vyote huvuta hewa ile ile, hata alfajiri huwa imebaki kidogo sana. Ndiyo maana penye majani mazito utawaona perege alfajiri wamekuja juu, wakifungua na kufumba vinywa kama watu walioishiwa pumzi. Mwenye kulijua jambo hili amekwisha kuijua saa ya kuvua: alfajiri samaki hutoka katikati ya majani wakaja ukingoni, penye maji ya wazi yanayotikiswa na upepo. Jua likipanda hurudi ndani, na adhuhuri hulala kivulini. Jioni hutoka tena ukingoni kutafuta chakula.

Sasa twende mbali kidogo, tukamtazame samaki mmoja ambaye maisha yake yote yamefungamana na majani. Kwao ni Marekani ya Kaskazini, nako humwita bass. Sisi tutamwita samaki-basi, asije akachanganyika na neno letu "basi". Rangi yake ni ya kijani, na ubavuni ana mstari mweusi toka kichwani hata mkiani. Kinywa chake ni kikubwa mno; taya la juu hupita nyuma ya jicho. Mwaka 1929 samaki hao walitiwa katika Ziwa Naivasha, nchi ya Kenya, kwa ajili ya wale wanaopenda mchezo wa kuvua kwa ndoana, nao wakazaana humo.

Samaki-basi si mkimbiaji wa mbali, bali ni mviziaji, kama chui. Hujificha ukingoni mwa majani, ametulia kimya, uso wake umeelekea maji ya wazi. Samaki mdogo akipita, au chura, au mdudu mkubwa, humrukia mara moja na kummeza, kisha hurudi mahali pake. Kwa hiyo mvuvi wake hatupi ndoana katikati ya ziwa. Huenda asubuhi mapema au jioni, huupeleka mtumbwi polepole bila kugonga ubao, na hutazama kivuli chake mwenyewe kisianguke juu ya maji. Hukipitisha chambo sambamba na ukingo wa majani, si kwa kuyaingia moja kwa moja. Penye pengo katika majani, au pembe iliyojitokeza, au mahali majani ya namna mbili yanapokutana, hapo hutupa mara mbili na mara tatu, maana mviziaji hupenda mlango. Adhuhuri, jua likiwa utosini, samaki-basi huingia chini ya majani mazito. Hapo mvuvi hutafuta tundu dogo katika majani na kukishusha chambo wima. Na samaki akishika, hapewi nafasi. Akiachwa kidogo tu huzunguka mashina, na mshipi hukatika. Ndiyo sababu wavuvi wake hutumia mshipi wenye nguvu kuliko uzito wa samaki mwenyewe.

Samaki huyu ana jambo jingine la kutufunza. Dume ndiye mlezi. Husafisha kwa mkia wake duara penye maji machache, jike hutaga hapo, na dume hulinda mayai na watoto hata waweze kujitegemea. Watoto wale wakiachwa na baba, kimbilio lao ni majani. Majani yasipokuwapo, wengi huliwa, na baba mwenyewe aweza kuwa miongoni mwa wanaowala.

Na huko Naivasha yalitokea mambo yanayoonyesha wazi thamani ya majani. Mwaka 1970 walitiwa ziwani kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Louisiana, Marekani. Makusudi yalikuwa biashara ya uvuvi, na samaki-basi nao waliwapenda kwa chakula. Lakini kamba hao hula majani ya majini. Wakazidi sana, na mayungiyungi ya buluu pamoja na majani yaliyozama yakaanza kupungua, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 majani yaliyozama yalikuwa yametoweka karibu yote katika ziwa kuu. Kamba walipopungua, majani yakarudi; nao walipoongezeka, yakapungua tena. Kisha mwaka 2001 akaonekana samaki mwingine mgeni, aitwaye karpu, ambaye desturi yake ni kuchimba tope akitafuta chakula, akiyachafua maji na kung'oa mizizi. Tena tangu mwaka 1988 magugu maji yenye maua ya zambarau yamekuwapo huko, yakielea juu na kuziba mwanga. Ona basi: si kila jani ni neema. Jani lililoshika mizizi kwa kiasi ni nyumba. Jani linaloelea na kulifunika ziwa zima ni mfuniko wa chungu, na walio chini yake hukosa hewa.

Turudi sasa nyumbani. Kwetu katikati ya Tanzania hatumhitaji samaki-basi, wala hatumshauri mtu kumleta samaki mgeni katika lambo lake, maana habari ya Naivasha imeonyesha kwamba mgeni akiisha kuingia, hatoki. Sisi tunao perege na kambale. Hao hupatikana katika mabwawa makubwa kama Mtera na Hombolo, katika mbuga ya maji ya Bahi, na katika malambo mengi madogo. Sheria ya majani ni ile ile, ila kila samaki ana tabia yake.

Perege hula utelezi wa kijani, majani mororo na wadudu. Mtafute asubuhi ukingoni mwa matete, kwa ndoana ndogo, mshipi mwembamba, na chambo cha nyungunyungu au kidonge cha ugali mgumu. Weka boya dogo, na chubwi nyepesi kabisa, chambo kishuke polepole kama kitu kilichoanguka chenyewe kutoka kwenye jani. Usipige kelele, wala usitembee kwa kishindo, kwa maana kishindo cha ukingoni husikika majini.

Jambo moja kubwa juu ya perege wetu: jike, mayai yakiisha kutagwa, huyachukua kinywani mwake, na watoto wakianguliwa huendelea kukimbilia humo wakiona hatari. Ukimvua jike ukaona mayai au watoto wakimtoka kinywani, mrudishe majini upesi pamoja nao. Huyo si samaki mmoja. Ni samaki wa mwaka kesho.

Kambale ni mwingine. Yeye amejaliwa kiungo cha pekee kilicho karibu na mashavu yake, ambacho kwa hicho aweza kuvuta hewa ya juu kama sisi. Kwa hiyo maji yakipungua na kuwa tope, perege hufa kwanza, lakini kambale huendelea kuishi, na usiku wenye unyevu aweza kutambaa nchi kavu kwenda dimbwi jingine. Mtafute jioni na usiku, chini kabisa, mahali mashina ya matete yanaposhikana na tope, kwa ndoana kubwa na chambo chenye harufu, kama matumbo ya kuku. Lakini wakati madimbwi yamebaki machache, watu huja na vikapu na mapanga wakawamaliza wote. Hapo yatupasa kujizuia. Kambale waliosalia katika dimbwi la mwisho ndio mbegu, na mwenye akili hali mbegu yake yote kabla ya mvua.

Na afya pia tuikumbuke. Katika majani yale yale hukaa konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi wakati jua limepanda. Basi usisimame majini kati ya majani, hasa adhuhuri. Vua ukiwa juu ya ukingo mkavu au mtumbwini, wala usijisaidie majini, maana ndivyo ugonjwa unavyorudi kwa konokono. Na penye mamba au kiboko, samaki hata mia hawafai roho moja.

Sasa twataka kuwaeleza mwisho wa lambo lile la mzee. Miaka mitatu baadaye tulipita tena. Matete hayakuwapo. Watu walikuwa wameyakata na kuyachoma, wapate kukokota wavu mrefu bila kunaswa, na sehemu ya ukingo wakailima mboga. Mwaka ule wa kwanza, tuliambiwa, walipata samaki wengi kuliko wakati wowote, hata wengine wakaoza. Mwaka wa pili walipata wachache. Mwaka wa tatu wakawa wanapata vidagaa vya kidole kimoja, na maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Mzee tulimkuta ameketi mahali pake pa zamani, bila ufito. Tukamwamkia. Akaitika, kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Mwalimu, nyumba imebomolewa. Wageni watakuja kulala wapi?" Wanafunzi tuliokuwa nao walitutazama, nasi hatukuwa na neno la kuongeza.

Ndugu zetu, hakuna mtu mbaya katika habari hiyo. Walikuwa watu wenye njaa ya mboga na haja ya fedha, nao waliyaona majani kuwa kizuizi kati yao na samaki. Hawakujua kwamba kizuizi hicho ndicho kilichowaweka samaki pale. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Samaki nao hawakujiweka majini bure; waliundiwa makao.

Sisi watu wa Kondoa tungekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa kuwa tumekwisha kuliona mlimani. Milima ya Irangi ilipovuliwa majani na miti, mvua ilichimba makorongo yanayotisha, na udongo ukateremka bondeni. Ziwa Haubi, ambalo maji yake si ya kina kirefu, limepokea mchanga na matope mengi ya milima hiyo. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa kifupi HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi ya Kondoa. Lilikuwa jambo gumu kwa wenye mifugo, wala hatulisemi kwa wepesi. Lakini majani na vichaka vilirudi penye udongo mtupu, na macho ya wengi yaliona.

Basi majani ya mlimani na majani ya majini ni ndugu wa tumbo moja. La mlimani huuzuia udongo usishuke. La ukingoni huukamata ule ulioponyoka. Mto Bubu hupita katika nchi ya Kondoa ukashuka mpaka mbuga ya Bahi, na huko wenzetu huvua perege na kambale maji yanapokuwapo. Kwa hiyo mtu akichoma majani huku juu, matope yake humfikia mvuvi asiyemjua huko chini.

Tufanye nini basi? Si mambo makubwa. Penye lambo la kijiji, matete yaachwe yazunguke sehemu kubwa ya ukingo, na pafunguliwe mahali pachache tu pa kuchotea maji na kunyweshea mifugo. Shamba lisifike kwenye ukingo wa maji. Wavu wenye matundu madogo usikokotwe juu ya majani, maana huzoa wachanga na kung'oa mizizi kwa pamoja. Sumu na baruti zimekatazwa na sheria ya nchi, tena kwa haki, kwa sababu huua mkubwa na mdogo. Magugu yanayoelea yakionekana, yang'olewe mapema yangali machache. Na kabla ya kuanza kuvua kwa biashara, mtu amwulize afisa uvuvi wa wilaya yake, apate kujua kanuni na leseni ipasayo.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi moja. Siku ya mapumziko, mwende na mkubwa mmoja kwenye maji yaliyo karibu nanyi, alfajiri na tena jioni. Msichukue ndoana. Kaeni ukingoni kimya kwa muda wa saa nzima, mkaandike daftarini ni majani ya namna gani yaliyopo, samaki wanatokea wapi, na saa ngapi. Fanyeni hivyo mara nne katika msimu wa kiangazi. Mkirudi mara ya tano na ndoana, hamtavua tena maji matupu, na mtajua pia nini cha kukiacha mahali pake.

Kwa herini, na Mungu awajalie mvua ya kutosha na malambo yenye matete.